Mwambie Asikanyage Hapo

Kamina, 4 Juni 1953

Kwa shemeji yangu Émile Kapenda, bandarini Bukama,

Kwa heshima kubwa, na baada ya kusafisha koo, ninakutangazia wewe, wapagazi wote wa bandari yako na samaki wote wa Lualaba, kwamba siku ya Jumanne benchi la pili la bustani ya Kamina lilipakwa rangi ya kijani, na kwamba mtu wa kwanza kulikalia, rangi ikiwa bado mbichi, ni mimi. Suruali yangu ya kaki, iliyonitumikia tangu wakati wa vita bila lawama, sasa ina mistari kama punda milia aliyekula majani kupita kiasi. Dada yako Lucienne aliitazama, akanitazama mimi, akasema, "Ngalamulume, sasa weye njo bendera ya bustani."

Utauliza karani wa mizigo anatafuta nini bustanini, mtu ambaye hata kitunguu hajawahi kupanda. Ni mdomo wangu, shemeji. Mwaka jana nilisema mbele ya wakubwa kwamba kampi yetu ya reli ni matofali, mabati na moshi tu. Kwamba mtu akitoka kazini ana pahali pawili pa kukaa, kitandani ama kwenye pombe. Kwamba sisi wa Kasai na wenyeji wa hapa na Balunda tunajuana kwa kugongana mlangoni mwa baa. Nilisema hivyo kwa sababu nilikuwa nimeshiba. Wakanipa bustani niiangalie. Ukishiba, shemeji, funga mdomo.

Lakini uione! Ni kile kipande chenye miti ya zamani ya mipundu, kati ya tangi la maji na reli, ambacho hakuna aliyewahi kukijenga. Ukiingia kivulini ni kama mtu amekuwekea kiganja cha baridi shingoni. Jumapili iliyopita wanawake walikuja na watoto wao wakakaa tu, bila kazi mkononi, jambo ambalo sijaliona tangu nihamie hapa. Wazee wa Kasai na wazee wa Kiluba walicheza bao la kisolo pamoja wakaibiana kete kama ndugu.

Tatizo ni moja. Mkuu mpya wa kazi, Mzungu mwembamba asiyekaa chini, amesema bustani isiyokaliwa ni kiwanja kinacholala. Mwisho wa kiangazi atapita. Akikuta watu, itabaki. Akikuta mabenchi matupu, mipundu itakatwa na pale patakuwa banda la mabehewa.

Msomee Mama Mbuyu barua hii. Mwambie mkwe wake anamsalimia. Tangu nimuoe binti yake sijapata kumtazama usoni, kama desturi yetu inavyotaka: yeye akitokea njiani mimi naingia majanini, mimi nikitokea yeye anajifunika kikwembe na kuchepuka. Nisingemtambua hata kwa mgongo, maana muda wote huo mimi huwa natazama nyasi. Nazijua nyasi za Bukama vizuri sana.

Wako mwenye mistari,
Ambroise Ngalamulume


Bukama, 15 Juni 1953

Shemeji Punda Milia,

Barua yako nimeisoma kwa sauti, na jirani walikuja kusikiliza suruali. Mama alikuwa anapasua samaki. Alicheka naye, akicheka chinichini, unajua heshima yake kwako. Tulipofika kwenye mipundu kisu kikasimama.

"Mipundu gani?" akauliza. "Ile ya karibu na tangi ya mayi?"

Nikamsomea tena.

"Na banataka kuikata?"

Nikasema, kama bantu habaikale pale, ndiyo, watakata. Akamaliza samaki wote, akaosha kisu, akakiosha tena.

Kesho yake akaniambia anakwenda Mulongo kumwona mjomba, kaka yake, kwamba amemuota. Alisema atapanda mashua ya alfajiri. Nilipoamka, kikapu hakipo, mkeka umekunjwa. Huyo ni Mama. Hapendi kusindikizwa.

Nimefikiri labda jina la Kamina lilimchoma. Unajua baba yetu Kapenda alikufa huko wakati reli inajengwa, Lucienne akiwa mtoto mdogo, minyi nikiwa bado mgongoni. Ugonjwa ulipita katika kambi ya wajenzi ukazoa wanaume. Mama hajatuambia kamwe alizikwa wapi. Ukimuuliza anajibu neno moja tu: "Iko mahali pa baridi." Tuliacha kuuliza.

Basi, kaa kwenye mabenchi yako. Kama watu wakikosekana, weye peke yako unajaza mawili.

Émile Kapenda


Kamina, 2 Julai 1953

Shemeji Émile,

Barua hii usimsomee mtu, hasa jirani waliokuja kusikiliza suruali.

Kila asubuhi bustani inakutwa imefagiwa. Utasema nishukuru Mungu. Nilimshukuru, kisha nikamsifu Maurice, kapita anayesimamia kazi za bustani. Maurice akaniambia, "Karani, minyi nilifikiri ni weye." Tukatazamana. Maurice ananifahamu, anajua mimi na ufagio hatujawahi kutambulishwa. Kama alifikia kunidhania mimi, ujue alikwisha kuwamaliza watu wote wengine.

Na huyo anayefagia hafuati njia tulizochora. Njia anaziacha na majani yake. Anafagia chini ya mipundu, vipande vipande, kila kipande peke yake. Nilikwenda kuvitazama kwa karibu. Kila kipande ni kirefu na chembamba, sawa na mtu aliyelala. Na ardhi ya pale, ambayo nimeikanyaga mwaka mzima nikidhani ni tambarare, imebonyea. Kidogo tu. Kama godoro mtu alipokwisha kuamka.

Kwenye shina la mupundu mkubwa nimekuta alama ya pemba, ule udongo mweupe wanaopaka wazee wakitaka kusema na waliokufa. Maurice aliiona pia. Akaweka ndoo chini taratibu, kama anayeogopa kumwamsha mtu.

Sasa sehemu ambayo utanicheka. Mchana wa Ijumaa, jua likiwa kichwani na kampi nzima imelala, nilipita kuangalia kama benchi la pili limekauka. Nina uhasama nalo. Lilikuwa limekaliwa. Mwanamke, amejifunika kikwembe cha kijani mpaka puani, hatikisiki. Nikasema, "Jambo, mama." Alinyanyuka bila haraka, akageuza uso, akapita nyuma ya mupundu. Nilingoja atokee upande wa pili. Hakutokea. Nikazunguka mti. Émile, hapakuwa na mtu. Pale mbele ni reli tupu, na joto linacheza juu ya vyuma.

Nilirudi ofisini nikagonga mihuri mpaka jioni, mingine kwenye karatasi zisizohitaji muhuri.

Jumapili watu wachache walikuja. Wanawake waliona vile vipande vilivyofagiwa, wakawaita watoto wao kwa sauti ndogo, wakaondoka.

Msalimie Mama akirudi kutoka Mulongo.

Ambroise


Bukama, 10 Julai 1953

Shemeji,

Acha lutuku ya mchana. Pombe ya kutengenezwa kwenye pipa haifai kunywewa wakati wa jua, hata mtoto wa Bukama anajua.

Na kama ni muzimu kweli, unalia nini? Huo unafagia. Wa kwetu hapa unavunja vyungu. Tuletee wako, tutampa kazi bandarini. Muulize anataka nini, lakini muulize kwa adabu, usimuulize kama karani: "Leta hati yako, simama kwenye mstari."

Mama hajaleta habari. Maji yamepungua na mashua za Mulongo ni chache. Mjomba atakuwa anamlisha samaki wabichi na kumzuia. Nyumba ni kimya. Sikujua kwamba ni yeye ndiye anafanya kelele zote.

Émile


Kamina, 24 Julai 1953

Shemeji Émile,

Nilifuata shauri lako. Nilikwenda kuuliza kwa adabu. Soma ukiwa umeketi.

Kwanza ujue kwamba hakuna anayekuja tena. Mabenchi mawili ya kijani, mipundu, upepo, basi. Watu wa kampi wakipita kwenda kazini wanazunguka kwa upande wa tangi, na wanaacha kuzungumza mpaka wamepita. Maurice amekataa kumwagilia maua. Anasema hawezi kumwaga maji juu ya watu waliolala. Wale wazee wa kisolo wamerudi barazani mwa baa, kila kabila na meza yake. Na mkuu wa kazi amesogeza siku. Atapita Jumapili ya pili ya Agosti, baada ya misa. Mashoka yameletwa, nimeyapokea mimi mwenyewe kwenye mizigo na kuyapigia muhuri. Sikupata kugonga muhuri kwa mkono mzito namna ile.

Shemeji, mimi ni mtu wa kucheka, unanijua. Lakini kipande kile ndicho pekee katika Kamina hii nilichokiomba. Nilipoona watoto wamekaa kwenye nyasi niliona kwamba hata mimi nimefanya kitu katika mji huu kisichopakiwa na kuondoka na gari-moshi.

Basi nikaenda, mchana, peke yangu. Niliingia upande wa tangi. Kimya kile si cha kawaida; hata njiwa walikuwa wamefunga midomo. Nilipita chini ya mupundu mkubwa, na hapo nikasikia sauti ya mwanamke, ya chini, ya mtu asiye na haraka. Haikuwa inasema na mimi. Ilikuwa inasema na mtu aliye karibu naye.

"Mwambie asikanyage hapo."

Niliganda, mguu mmoja hewani kama korongo.

"Mwambie arudie nyuma kidogo. Ee. Hapo."

Nilirudi nyuma, sikukumbuka hata kuuliza ni nani anayeniamuru. Nilitazama chini: mguu wangu ulikuwa unataka kutua katikati ya kipande kilichofagiwa. Nikangoja. Sauti ikaguna, kisha ikasema, kama inayomwonyesha mtu mwingine, "Anakwisha kunona, huyu."

Shemeji, mzimu umeona tumbo langu.

Nilinyanyua macho. Alikuwa amesimama kati ya miti miwili, mgongo kwangu. Kikwembe chake ni cha kijani chenye ndege weupe, na pembe moja imeungua, imeliwa na moto. Alikuwa peke yake. Aliyekuwa anaambiwa hakuwapo. Kisha akapiga hatua nyuma ya mti, na tena hapakuwa na mtu.

Nimemweleza Lucienne yote. Aliinama akapuliza moto kwa muda mrefu, na moto ulikuwa unawaka vizuri.

Ambroise


Bukama, 3 Agosti 1953

Shemeji Ambroise,

Leo sitanii.

Mjomba amekuja jana kutoka Mulongo kuuza samaki. Nilimkimbilia kwenye mtumbwi, nikamuuliza Mama yuko wapi. Aliniangalia. "Mama yupi?" akasema. Hajafika kwake. Hakufika hata siku moja. Mjomba alikaa chini palepale kwenye matope.

Mwezi wa sita, siku zilezile alipoondoka, mashua moja ilizama kwenye mabwawa, njia ya Mulongo. Waliokota baadhi ya watu. Wengine hawakuokotwa. Mjomba ananiambia hilo na mimi nina barua yako mfukoni.

Ambroise, ile kikwembe ya kijani ya ndege, minyi njo nilimununulia. Pembe iliungua alipokuwa anakausha samaki, mbele yangu, tukacheka. Hakuna nyingine duniani.

Sasa niambie kweli. Ulimwona ana miguu? Akipita, majani yalilia? Aliacha alama kwenye vumbi? Kama ni yeye na amekufa, basi amemfuata baba mahali pa baridi, na weye ulimuona na hukumjua. Sikulaumu. Lakini rudi pale. Mwambie asikimbie. Mwambie Émile anauliza mwili wake uko wapi, nimlaze vizuri. Na Lucienne usimwambie bado.

Siwezi kula.

Émile


Kamina, 10 Agosti 1953

Émile, ndugu yangu,

Mama yuko hai. Naandika tena: Mama yuko hai, ana miguu, na miguu hiyo ni mizima kuliko yangu. Nilimtuma dereva wa gari la Alhamisi akupigie kelele ukiwa bandarini. Natumaini alipiga kwa nguvu. Sasa kula, kisha usome, nikueleze ilivyokuwa kweli, bila chumvi yangu.

Uliniambia nisimwambie Lucienne. Nilimsomea palepale, mlangoni. Mwiko aliokuwa anasongea bukari ulimdondoka. Akacheka, kisha akalia, kisha akanifungulia jambo lote. Mama hakupanda mashua. Alipanda gari-moshi. Alishukia hapa Kamina tangu Juni na analala kwa Mama Salomé, mjane wa kanisani, kwa kuwa mamamkwe halali chini ya dari la mkwe. Lucienne alikuwa anampelekea mboga ya sombe kila siku, na mimi nikidhani sufuria yetu ina tundu. Mama alikuambia wewe Mulongo, kwa sababu ungemzuia. Alimwambia Lucienne kwamba wewe unajua. Kila mtoto alipewa uongo wake, uliokatwa kwa kipimo chake.

Na mimi nilifichwa kwa sababu ya heshima. Mama alisema: mkwe akijua kwamba mimi niko pale, hataingia tena, na asipoingia yeye, bustani haina mwenyewe, wataikata. Ndiyo maana alijifunika akanikimbia. Hakuwa anatoweka, Émile. Alikuwa anachepuka, kama alivyochepuka miaka yote. Nyuma ya mupundu kuna mtaro wa maji ya tangi, siku hizi mkavu, na mama yako, kwa umri wake, alikuwa analala humo chali, kimya, mpaka mkwe wake apite. Nami, mjinga, nilizunguka mti nikitazama mbali, kwenye reli. Sikutazama chini, miguuni pangu.

Sasa la baba yenu. Vile vipande ni makaburi. Mama alimweleza Lucienne, na Lucienne akanieleza. Ugonjwa ulipoingia, wanaume wa reli waliobaki walichagua kivuli kile, kwa sababu wenzao walikufa kwa homa wakiomba baridi. Kapenda yuko chini ya mupundu mkubwa. Mama alifagia pale kila asubuhi mpaka reli iliposonga mbele. Kambi ikasonga nayo. Wafu hawakusonga. Aliwachukua ninyi wawili akarudi Bukama, akakaa kimya, akiamini kwamba mahali pasipojulikana hapaguswi na mtu. Kisha nikaandika barua ya kuchekesha kuhusu suruali.

Jumamosi nilimtuma Mama Salomé na kuku mzuri, jogoo mweupe, nikiomba ruhusa ya kukaa karibu, si kutazama. Jibu lilikuja: "Akae. Lakini atazame reli." Maurice, aliposikia ni nani anayefagia, alivua kofia, akasogeza mabenchi yapeane migongo. Mimi na yeye tukaiondoa njia iliyopita juu ya waliolala, tukaizungusha.

Jana baada ya misa nilikwenda nikaketi, macho kwenye reli. Nyuma yangu nilisikia kikwembe kikikaa. Watu wa kanisa walisimama ukingoni, wote, wakimwona karani amekaa mgongo kwa mgongo na ule mzimu wao, wote wawili wamenyooka kama wanapigwa picha. Mama Salomé akaingia wa kwanza, akasema kwa sauti ya sokoni, "Bantu ya Mungu, huyu ni muke wa Kapenda, anafagia kaburi ya bwana wake. Munaogopa ufagio?" Mzee mmoja wa Kiluba akauliza ni makaburi ya nani mengine. Mama akayataja, moja moja, akielekeza mkono. Alipotaja jina fulani, fundi mmoja wa karakana, mwanaume mzima, akaketi chini kwenye nyasi. Jina lile lilikuwa la baba yake.

Waliingia. Walikaa kati ya makaburi, si juu yake, kwa uangalifu, kama mtu anavyokaa kitandani pa mgonjwa. Kisha watoto wakasahau. Kisolo ikatolewa. Mkuu wa kazi alipofika alikuta bustani imejaa na mimi nimekaa bila kugeuka kumsalimia, jambo ambalo litanigharimu. Alizunguka, hakuketi. Akasema kwamba kumbe wafanyakazi wanapenda hewa safi; basi, mashoka yarudishwe ghalani. Sikumsahihisha. Hewa safi nayo ilikuwapo.

Hapo ningeweza kutia sahihi. Lakini nimekuahidi ukweli, na bado kuna kipande.

Jua lilipopanda watu walikwenda kula. Tukabaki sisi wawili, migongo pamoja. Kati ya mkwe na mamamkwe maneno hupitia kwa mtu wa tatu, na mtu wa tatu hakuwapo. Mama akasema, kwa sauti ileile iliyonigandisha mguu:

"Kapenda, mwambie mukwe wetu asogee. Jua linamupiga."

Nikajua wakati ule wote alikuwa anasema na nani. Na kweli jua lilikuwa linanipiga, ingawa yeye alikuwa ameelekea upande wa pili na alikuwa amejifunika. Nikasogea.

Ilinipasa kujibu. Niliona aibu, mtu mzima, karani, kuongea na mti. Nikasubiri gari la mizigo lililokuwa linapita, lile refu la makaa, ambalo likipita husikii hata kikohozi chako, na humo ndani ya kelele nikasema, midomo tu, mimi mwenyewe sikujisikia: "Baba Kapenda, mwambie mama kwamba Émile anamwita nyumbani. Mwambie mtoto hali chakula."

Gari likapita. Behewa la mwisho likapita. Njiwa wakarudi mtini. Nilikaa nikitazama reli, nikishukuru kwamba hakuna aliyenisikia.

Nyuma yangu Mama akaguna kidogo, kama mtu aliyeletewa habari.

"Mwambie Émile ale," akasema. "Nitarudi mvua ikianza."

Ndivyo ilivyokuwa. Nimekuletea kama nilivyopewa.

Ambroise Ngalamulume